MWALIMU WA CHUI: MAISHA YA BLAGOJE VIDINIĆ

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu waliojulikana, mara hii tumechagua mtu wa mpira. Jina lake ni Blagoje Vidinić. Wengine watauliza juu ya nini hatukumchagua mtu wa kwetu. Jibu letu ni fupi. Huyu mtu aliiongoza ekipe ya taifa letu katika msimu mkubwa kuliko yote, na katika msimu ule ule akatukanwa kuliko walimu wote wa mpira waliokuja katika nchi yetu.

Hapa Kavimvira, kila mara ekipe ya taifa inapopoteza mechi, hakukosi mtu mzima wa kukumbusha mabao tisa ya mwaka 1974. Na mwingine ataongeza kwamba siku ile mwalimu mzungu aliuza mechi kwa ndugu zake. Sisi vijana tumelipokea neno hili tayari limepikwa, tunalirudilia bila kuuliza. Kumbe kumwita mtu msaliti si neno dogo, hata kama ni mtu aliyekwisha kufa. Basi tufuate maisha yake hatua kwa hatua, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Utoto na ujana wake

Vidinić alizaliwa tarehe 11 Juni 1934 katika mji wa Skopje. Wakati ule Skopje ilikuwa ndani ya nchi ya Yugoslavia. Leo ni mji mkuu wa Makedonia ya Kaskazini, sababu Yugoslavia ilivunjika kuanzia mwaka 1991 na haiko tena kwenye ramani.

Alikuwa golikipa. Alichezea Radnički, ekipe ya mji wa Belgrade, na akaitwa katika ekipe ya taifa lake. Mwaka 1956 alikuwa pamoja nayo katika michezo ya Olimpiki huko Melbourne, wakarudi na medali ya fedha. Mwaka 1960 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Mwezi wa Julai alisimama katika milingoti siku ya fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Ulaya, mjini Paris. Yugoslavia ilianza kufunga, lakini Umoja wa Kisovieti ukasawazisha, na katika dakika za nyongeza ukashinda 2-1. Baada ya miezi miwili tu, katika Olimpiki ya Roma, Yugoslavia ilichukua medali ya dhahabu. Katika nusu fainali walikuwa wametoka sare 1-1 na Italia, ikabidi kupiga kura ili kumpata mshindi, na kura ikawaangukia wao.

Kwa hiyo mtu huyu alijua mapema kwamba katika mpira kuna siku kazi nzuri inakosa mshahara, na siku nyingine bahati inakuja bila kuitwa. Alijua pia kazi ya golikipa ilivyo. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, watu wanampigia makofi. Golikipa akiokoa mara tano na kukosa mara moja, wanamlaumu. Tuweke jambo hili akilini, sababu litarudi mbele.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda kucheza Marekani, kisha akaacha kucheza na kuanza kufundisha.

Kazi yake ya kwanza Afrika

Ekipe ya kwanza iliyomfanya ajulikane kama mwalimu ni Morocco. Mwaka 1970 aliipeleka katika Kombe la Dunia huko Mexico. Wakati ule kombe lilikuwa na ekipe 16 tu, na Afrika nzima ilipewa nafasi moja. Katika mechi ya kwanza Morocco ilitangulia kuwafunga Wajerumani wa Magharibi, watu wote wakashangaa, ingawa mwishoni walipoteza 2-1. Wakapoteza tena 3-0 mbele ya Peru, kisha wakatoka sare 1-1 na Bulgaria. Ile sare ilikuwa pointi ya kwanza ambayo ekipe ya Afrika ilipata katika historia ya Kombe la Dunia. Ni jambo dogo kwa kulitazama leo, lakini lilifungua njia.

Baadaye nchi yetu, iliyoitwa Zaire tangu mwaka 1971, ikamwita.

Hali aliyoikuta kwetu

Tusidanganyane kwamba Vidinić alikuta watu wasiojua mpira. Hapana. Mwaka 1968 ekipe yetu ilikuwa imekwisha kuchukua Kombe la Afrika huko Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0, chini ya mwalimu kutoka Hungaria, Ferenc Csanádi. Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaiita Mazembe, ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Na mwezi wa Desemba 1973 Vita Club ya Kinshasa nayo ikachukua kombe hilo. Ilipoteza 4-2 kwa Asante Kotoko huko Kumasi, kisha ikawashinda 3-0 nyumbani.

Wachezaji walikuwako. Kutoka Lubumbashi kulikuwa na golikipa Kazadi Mwamba, Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga. Bwanga alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Kutoka Vita Club kulikuwa na Ndaye Mulamba, Lobilo na Mayanga. Kutoka Imana kulikuwa na Kakoko na kapteni Kidumu. Lakini ninyi mnaocheza mpira mnajua kwamba kukusanya watu wa ekipe tatu zinazoshindana kila Jumapili, na kuwafanya wawe ekipe moja, ni kazi nyingine kabisa.

Tena kulikuwa na mkono wa Leta. Rais Mobutu alipenda ekipe hii sana, aliiona kama bendera ya utawala wake. Miaka iliyotangulia, wachezaji wetu waliokuwa Ubelgiji walikuwa wameitwa warudi nyumbani, na hawa wa nyumbani hawakuachiliwa kwenda kucheza nje. Ekipe ililishwa vizuri na kusafirishwa vizuri, na ahadi zilikuwa kubwa. Lakini mtu anayelishwa na mkubwa anajua kwamba mkubwa anaweza pia kuondoa sahani.

Msimu wa ushindi

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1973 zilibaki ekipe tatu za kugombania nafasi moja ya Afrika: Zaire, Zambia na Morocco. Chui wakaenda Lusaka wakashinda 2-0. Zambia walipokuja Kinshasa wakafungwa 2-1. Kisha ikaja zamu ya Morocco. Ndiyo, Morocco ile ile ambayo Vidinić alikuwa ameifundisha na kuipeleka Mexico. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa Tarehe 20 Mei ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Zaire iliwafunga 3-0. Wamorocco walilalamika juu ya mwamuzi, wakakataa kucheza mechi ya marudiano. Hata bila mechi ile Chui walikuwa wamekwisha kupata nafasi. Walikuwa ekipe ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kwenda katika Kombe la Dunia.

Wachezaji wenyewe walieleza baadaye jinsi rais alivyowapa kila mmoja nyumba na gari kwa ushindi ule. Nchi nzima ilikuwa sikukuu.

Mwezi wa Machi 1974 wakaenda Misri kwa Kombe la Afrika. Njia haikuwa laini. Waliishinda Guinea 2-1, lakini majirani wetu wa Kongo-Brazzaville wakawafunga 2-1. Kisha wakaishinda Morisi 4-1, ndipo wakafika nusu fainali. Huko Kairo, mbele ya Wamisri wenyewe, walifungwa mabao mawili ya kwanza. Watu wengine wangevunjika moyo. Wao wakarudi wakashinda 3-2.

Katika fainali walikutana tena na Zambia. Mechi ilikwenda katika dakika za nyongeza, Zaire wakaongoza 2-1, wakafikiri wamemaliza. Dakika ya mwisho kabisa Zambia wakasawazisha. Wakati ule hawakupiga penalti, ilibidi kurudilia mechi. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi, Zaire ikashinda 2-0, mabao yote mawili ya Ndaye. Katika mashindano yale Ndaye alifunga mabao tisa, na mpaka leo hakuna mtu aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika.

Tunaomba msomaji aangalie vizuri. Ekipe iliyofungwa mbili na kurudi, ekipe iliyoporwa ushindi dakika ya mwisho na kuanza upya bila kulia, si ekipe ya wachezaji hodari tu. Ni ekipe iliyotunzwa na mwalimu. Kazi hii ilikuwa ya Vidinić, na mbele ya macho ya watu wote.

Siku tisa za Ujerumani

Miezi mitatu kamili baada ya fainali ile, tarehe 14 Juni 1974, Chui walicheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia, katika mji wa Dortmund, na Scotland. Walipoteza 2-0. Si aibu. Walicheza vizuri kuliko watu wa Ulaya walivyodhania, na mabao yote mawili yaliingia kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Scotland hawakupata kitu.

Baada ya mechi hii ndipo mambo yakaharibika, na hayakuharibikia uwanjani. Wachezaji walieleza miaka mingi baadaye kwamba walipata habari kuwa franga walizoahidiwa hawatazipata, zimeliwa na wakubwa waliosafiri pamoja nao. Walikasirika, wakasema hawachezi. Walisukumwa mpaka wakakubali kuingia uwanjani, lakini miguu iliingia bila moyo.

Tarehe 18 Juni, mji wa Gelsenkirchen, mpinzani alikuwa Yugoslavia, nchi ya mwalimu mwenyewe. Katika dakika 18 za kwanza walikuwa wamekwisha kufungwa mabao matatu. Dakika ya 21 Vidinić akamtoa Kazadi na kumwingiza golikipa wa pili, Tubilandu Ndimbi. Mara moja likaingia bao la nne. Wachezaji wakamzunguka mwamuzi, Mwepu akampiga teke kwa nyuma, na mwamuzi alipogeuka akamfukuza Ndaye, ambaye hakufanya kosa lile. Basi dakika ya 22 ekipe ilikuwa na watu kumi, bila golikipa wake bora na bila mfungaji wake. Mpaka mapumziko ilikuwa 6-0, na mwisho 9-0.

Wachezaji walieleza pia kwamba baada ya hapo walinzi wa rais walikuja kuwaambia wasithubutu kurudi nyumbani kama Brazil itawafunga zaidi ya mabao matatu. Tarehe 22 Juni Brazil ikawafunga 3-0. Ni katika mechi ile Mwepu alitoka katika ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazil kabla wao hawajaupiga. Ulaya walicheka wakasema Mwafrika hajui sheria. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua sana, lakini alikuwa na hasira. Na Kazadi alikuwa amerudi katika milingoti.

Je, aliuza mechi?

Sasa tufike kwenye shitaka. Wanaosema aliuza wana sababu moja kubwa: alikuwa Myugoslavia, na alimtoa golikipa bora siku ya kucheza na Yugoslavia. Sisi hatusemi ni sababu ya bure. Hata sisi tungeona ajabu. Lakini kuna mambo matatu ya kuweka upande wa pili wa mzani.

Kwanza, Morocco. Miezi sita tu kabla, Vidinić alikutana na ekipe aliyoifundisha, watu aliokula nao na kuishi nao, nafasi ya Kombe la Dunia ikiwa mezani. Aliwafunga matatu bila huruma. Siku ile hakuna mtu wa Kinshasa aliyemwita msaliti. Kama mtu alifanya kazi kwa uaminifu dhidi ya rafiki zake wa jana, hatuwezi kusema kwa urahisi kwamba hakuijua maana ya uaminifu.

Pili, mabao matatu ya kwanza yaliingia Kazadi akiwa ndani. Ugonjwa ulikuwa umeanza kabla ya mabadiliko. Ulianzia katika chumba cha hoteli, juu ya ahadi iliyovunjwa. Wachezaji wenyewe, ambao wangeweza kumtupia mwalimu mzigo wote wakabaki safi, walitaja franga kwanza.

Tatu, yale mabadiliko. Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mjumbe wa wizara ya michezo. Kwa namna mambo yalivyokwenda wakati ule, jambo hilo si gumu kuliamini.

Lakini hatutaki kumsafisha mpaka ang'ae. Kama amri ilitoka juu, yeye ndiye aliyeitekeleza. Alikuwa golikipa, alijua kuliko mtu yeyote katika uwanja ule maana ya kumtoa golikipa dakika ya 21 mbele ya dunia nzima. Aliweza kukataa, hata kama kukataa kungemfukuzisha kazi. Hapo sisi tunaona kosa lake. Kosa lake lilikuwa la kutii siku ambayo haikufaa kutii, na hilo ni mbali sana na kuuza. Tunaona ni haki kumlaumu kwa hilo, bila kumtungia lingine.

Mwisho wake

Baada ya Ujerumani Vidinić aliondoka Zaire. Kutoka mwaka 1976 mpaka 1979 alifundisha ekipe ya taifa ya Colombia. Alikufa tarehe 29 Desemba 2006 huko Strasbourg, Ufaransa, akiwa na miaka 72. Wengi wetu wa darasa la sita tulikuwa hatujazaliwa.

Wachezaji wake nao walikwenda. Kazadi alikufa mwaka 1996, Mwepu mwaka 2015, na Ndaye mwaka 2019 huko Afrika ya Kusini, mbali na nyumbani. Hata majina ya nchi yamepita. Mechi ile ilichezwa kati ya Zaire na Yugoslavia, ndani ya Ujerumani ya Magharibi, na leo hakuna hata moja ya hizo tatu inayoitwa hivyo. Lakini yale mabao tisa bado yanatajwa. Na lile kombe la Machi 1974, ambalo ni la mwisho nchi yetu kuchukua katika Kombe la Afrika la mataifa, wanaolitaja ni wachache.

Wandugu, hapa ndipo tunataka kusimama. Katika masomo yetu pia tuko na ekipe, tuko na makapita, tuko na walimu wapya wanaofika kila mwaka. Ekipe ikishindwa, siku ile ile tunatafuta mtu mmoja wa kumbebesha, na mara nyingi tunamchukua mgeni, sababu hana jamaa wa kumtetea. Maisha ya Vidinić yanatuomba tuulize kwanza maswali mengine. Ahadi zilitimizwa? Pesa ya ekipe ilikwenda fasi gani? Nani alitoa amri? Na huyu tunayemlaumu leo, jana alitufanyia nini? Tukiisha kujibu hayo, kama kosa ni lake, tumwambie usoni. Na sisi tulio makapita tukumbuke ile dakika ya 21: mkubwa akitupa amri ambayo tunajua itaharibu wenzetu, watu watatuuliza sisi juu yake, hata kama yeye ndiye aliyeitoa.

Mtu mzima akitukumbusha tena mabao tisa, tusibishane naye kwa kiburi, sababu aliyaona au aliyasikia kwa uchungu. Tumwombe tu kwa heshima atueleze pia habari za Lusaka, za 3-0 ya Kinshasa, na za usiku wa Kairo walipotoka nyuma mabao mawili. Anazijua. Ni sisi tusiomuuliza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita,
Kavimvira